Fuwele kimiminika na inzi wa matunda: maabara zinavyoufuatilia ugonjwa wa lehemu iliyokwama

Hali ya ajabu ya maada iliyoonekana mwaka 1888 katika dutu iliyotokana na karoti, na mdudu mdogo ambaye asili yake ni Afrika ya kusini-kati, vimekutana katika maabara za leo. Mahali vinapokutania ni utando wa seli. Makutano hayo yamewasaidia watafiti kuuelewa ugonjwa adimu wa watoto uitwao Niemann-Pick aina ya C, ambao jeni yake, kama ilivyobainika baadaye, hubeba pia siri ya namna virusi vya Ebola vinavyoingia ndani ya seli za mwanadamu.

Fani hizi mbili kwa kawaida hazikai jengo moja. Upande mmoja wamo wanafizikia wanaochunguza vitu visivyo vigumu wala vimiminika kamili. Upande wa pili wamo wanabaiolojia wenye chupa ndogo zilizojaa inzi.

Dutu iliyoyeyuka mara mbili

Friedrich Reinitzer alikuwa mtaalamu wa mimea kutoka Austria, akifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Kijerumani cha mjini Prague. Alikuwa akichunguza kolesteroli aliyoitoa kwenye karoti. Hiyo ndiyo dutu ambayo wagonjwa wa moyo na wa shinikizo la damu huisikia hospitalini kwa jina la lehemu. Kutokana nayo alitengeneza unga mweupe uitwao kolesterili benzoeti, kisha akaupasha moto ili ajue unayeyuka kwenye nyuzi ngapi.

Hicho ni kipimo cha kawaida cha kikemia. Dutu safi huwa na kiwango kimoja cha kuyeyuka, kama barafu inavyoyeyuka kwenye nyuzi sifuri. Unga wa Reinitzer ulikuwa na viwango viwili. Kwenye nyuzi 145.5 za Selsiasi uliyeyuka ukawa kimiminika cheupe kizito kama tui la nazi. Alipoendelea kuupasha, kwenye nyuzi 178.5 weupe ule ulitoweka ghafla, kikabaki kimiminika angavu.

Tarehe 14 Machi 1888 alimwandikia barua Otto Lehmann, mwanafizikia wa Ujerumani aliyekuwa na hadubini isiyo ya kawaida. Hadubini hiyo iliweza kuipasha moto sampuli huku ikitazamwa, na ilikuwa na vichujio viwili vya mwanga. Mwanga wa kawaida hutetema katika pande zote. Ukipita kwenye kichujio cha namna hiyo hubaki ukitetema katika upande mmoja tu. Vichujio viwili vikikingamana, mbele ya jicho huwa giza tupu. Tone la maji likiwekwa kati yake, giza hubaki vile vile. Chembe ya sukari ikiwekwa, mwanga hugeuzwa uelekeo na chembe hiyo huonekana iking'aa katikati ya giza, kwa kuwa ni fuwele, yaani molekuli zake zimejipanga kwa utaratibu.

Kimiminika cha Reinitzer kilitiririka kama maji na kung'aa kama sukari. Mwaka 1889 Lehmann aliandika kuhusu fuwele zinazotiririka, na kwa miaka mingi baadaye wakemia kadhaa mashuhuri walikataa kumwamini. Walisema dutu ile ilikuwa chafu tu, mchanganyiko wa vitu viwili visivyoelewana. Mfaransa Georges Friedel alipozipanga fuwele kimiminika katika makundi mwaka 1922, ubishi ulikuwa umekwisha kupoa.

Utaratibu wenyewe unaweza kuelezwa kwa magogo yanayoelea mtoni. Kila gogo lina uhuru wa kwenda mbele au kando, lakini yote yameelekea upande mmoja kwa sababu ya mkondo. Hilo ndilo kundi la kwanza la Friedel. Katika kundi la pili molekuli hujipanga pia kwa tabaka, kama mikeka iliyowekwa mmoja juu ya mwingine, na kila tabaka huweza kuteleza juu ya jingine. Katika kundi la tatu, ambalo ndilo la dutu ya karoti, uelekeo wa molekuli hugeuka kidogo kidogo kadiri mtu anavyopanda, kama ngazi inavyozunguka ndani ya mnara wa msikiti.

Watu wengi wanazijua fuwele hizi kupitia skrini. George Heilmeier na wenzake wa kampuni ya RCA ya Marekani walionyesha skrini ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1968. Miaka michache baadaye George Gray wa Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, akapata dutu iliyobaki katika hali hiyo kwenye joto la kawaida la chumba, na kwa hiyo saa na vikokotoo vikaweza kuuzwa madukani. Pierre-Gilles de Gennes wa Ufaransa alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1991 kwa kazi iliyohusu, pamoja na mambo mengine, nadharia ya fuwele hizo. Lakini skrini ni tawi tu la habari hii.

Mafuta yanayozunguka kila seli

Mwaka 1854, zaidi ya miaka 30 kabla ya barua ya Reinitzer, daktari wa Kijerumani Rudolf Virchow alikuwa ameona vitu kama nyuzi laini vikichomoza pale mafuta yanayofunika neva yalipokutana na maji. Aliviandika bila kujua kuwa alikuwa akitazama fuwele kimiminika. Mwili ulikuwa nazo siku zote.

Kila seli imezungukwa na utando wa mafuta wenye tabaka mbili. Molekuli za mafuta hayo zina kichwa kinachopenda maji na mikia inayoyakimbia, kwa hiyo hujipanga zenyewe: vichwa nje, mikia ndani, bega kwa bega. Kila molekuli huweza kuteleza na kubadilishana nafasi na jirani yake bila mpangilio kuvunjika. Anayetaka kugusa kitu cha jamii hiyo kwa kidole hana haja ya maabara. Ute unaobaki chini ya kisahani cha sabuni ni fuwele kimiminika iliyotokana na sabuni na maji kidogo. Mwaka 1972 Seymour Jonathan Singer na Garth Nicolson walitoa maelezo ambayo hadi leo hufundishwa shuleni, kwamba utando wa seli ni kimiminika chenye mpangilio, ndani yake zikielea protini.

Katika utando huo kolesteroli ina kazi ya lazima. Hujipenyeza katikati ya molekuli za mafuta na kuuzuia utando usiwe mwepesi mno wala mgumu mno. Sifa mbaya iliyonayo mitaani inatokana na wingi wake katika damu. Mwili usiokuwa nayo usingeishi. Kinacholeta maradhi ni kuwapo kwake mahali pasipostahili, na hapo ndipo hadubini ya Lehmann inaporudi.

Mafuta yakilundikana ndani ya seli, mara nyingi hujipanga katika hali ya fuwele kimiminika. Katika ugonjwa wa kurithi uitwao Fabry, kwa mfano, mkojo wa mgonjwa ukitazamwa kwa vichujio viwili vilivyokingamana huweza kuonyesha vitone vya mafuta vinavyong'aa, kila kimoja kikiwa na alama ya msalaba mweusi wenye mikono minne iliyo sawa. Alama hiyo ni tabia ya tabaka zilizojikunja kama vitunguu, na kwa mtaalamu wa maabara ni ishara ya kumrudisha mgonjwa kwa daktari haraka.

Watafiti wengine wamezigeuza fuwele hizi kuwa vipimo. Timu ya Nicholas Abbott, aliyekuwa Marekani, ilionyesha mwaka 1998 kuwa fuwele kimiminika iliyowekwa juu ya uso wenye molekuli za kunasa protini fulani hubadili mpangilio wake pindi protini hiyo inaponasa. Badiliko dogo lisiloonekana hugeuka kuwa badiliko la mwanga linaloonekana kwa macho. Mwaka 2011 timu hiyo iliripoti kuwa vitone vya fuwele kimiminika viliitambua sumu ya ganda la bakteria kwa kiasi kidogo mno.

Inzi asiye adui wa maembe

Kabla ya kuendelea, ni lazima kuondoa utata wa jina. Mkulima wa Afrika Mashariki akisikia inzi wa matunda humfikiria yule anayetoboa maembe na kuyaozesha, hasa wa jamii iliyotoka Asia na kuonekana Kenya mwaka 2003. Huyo siye. Wa maabara ni kile kinzi cha milimita mbili au tatu, chenye macho mekundu, kinachozunguka juu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi au mdomoni mwa kibuyu cha pombe. Jina lake la kisayansi ni Drosophila melanogaster, na hana madhara yoyote makubwa kwa mkulima.

Uchunguzi wa jeni unaonyesha kwamba chimbuko lake ni Afrika ya kusini-kati. Inzi wa Zambia ndio wenye tofauti nyingi zaidi za kijeni miongoni mwao, ishara ya ukoo mkongwe. Mwaka 2018 watafiti waliripoti kumkuta akiishi porini katika eneo la Matobo, Zimbabwe, akipendelea tunda la mng'ongo. Kutoka huko amewafuata wanadamu duniani kote.

Thomas Hunt Morgan alimfanya maarufu. Mwaka 1910, katika Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, alimkuta dume mmoja mwenye macho meupe kati ya wenzake wenye macho mekundu. Kwa kufuatilia macho hayo katika vizazi vilivyofuata alionyesha kuwa jeni hukaa kwenye kromosomu. Alitunukiwa Nobel mwaka 1933, na tangu hapo tuzo kadhaa nyingine zimetokana na inzi huyu, ikiwamo ya mwaka 2017 iliyohusu saa ya mwili inayoongoza usingizi.

Faida zake ni za wazi kwa yeyote anayehesabu gharama. Hukaa katika chupa ndogo na kula chakula kinachopikwa kwa unga wa mahindi, hamira na sukari guru au molasi, kikigandishwa ili kisimwagike. Kwenye nyuzi 25 hutoka yai hadi inzi kamili kwa siku kama 10. Jike mmoja huweza kutaga mayai mamia. Ana jozi nne tu za kromosomu na jeni zipatazo 14,000. Ramani ya jeni zake ilichapishwa mwaka 2000. Kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi, karibu robo tatu ya jeni zinazohusishwa na maradhi ya binadamu zina jamaa zake ndani ya mdudu huyu. Mwaka 1993 Andrea Brand na Norbert Perrimon walitangaza mbinu ya kuiwasha jeni katika kiungo kimoja tu cha inzi, kama fundi wa umeme anavyowasha taa ya chumba kimoja bila kugusa nyumba nzima.

Unafuu huo umeifikisha kazi hii Afrika Mashariki. Shirika la TReND in Africa limewafundisha vijana wa sayansi kutoka nchi mbalimbali za bara hili mbinu za kuwafuga na kuwachunguza inzi, na miongoni mwa vituo vyake vya awali ilikuwa kampasi ya Ishaka ya Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, magharibi mwa Uganda. Ni vigumu kumtaja mnyama mwingine wa maabara ambaye chakula chake hupatikana chote katika duka la mtaani.

Maradhi ya ubongo ndiyo yaliyompa sifa mpya. Mwaka 1998 timu ya Nancy Bonini ilimpandikizia jeni ya binadamu inayosababisha moja ya maradhi ya kurithi ya neva, na macho ya inzi yakaharibika hatua kwa hatua. Mwaka 2000 Mel Feany na Welcome Bender wakamtumia kuchunguza ugonjwa wa Parkinson: inzi waliopewa protini inayolundikana katika ubongo wa wagonjwa walizidi kushindwa kupanda ukuta wa chupa kadiri walivyozeeka.

Jaribio la mwaka 2006 linastahili kusimuliwa kwa kirefu zaidi. Wakati huo ilijulikana kuwa jeni mbili, parkin na PINK1, zikiharibika humletea mtu Parkinson akiwa bado kijana, lakini hakuna aliyejua kama zilikuwa na uhusiano wowote. Timu tofauti zilimtoa inzi jeni moja, kisha nyingine. Madhara yakawa yale yale: misuli ya kurukia ilidhoofika na vinu vya nishati vya seli vikavimba. Inzi asiye na PINK1 alipoongezewa parkin, hali yake ilitengemaa. Kinyume chake hakikufanya kazi. Basi jeni hizo zilikuwa katika mnyororo mmoja, na PINK1 ndiyo iliyotangulia. Jibu ambalo lingechukua miaka mingi kwa panya lilipatikana kwa kuzalisha inzi.

Njaa ndani ya ghala

Ugonjwa wa Niemann-Pick aina ya C hukadiriwa kumpata mtoto mmoja kati ya takriban 100,000 wanaozaliwa. Kwa wengi huanza taratibu. Mtoto aliyekuwa akikimbia huanza kujikwaa. Hushindwa kuinua au kushusha macho bila kusogeza kichwa, kwa hiyo ngazi humtisha. Maneno hulegea, masomo hurudi nyuma, kumeza chakula huwa taabu. Mara nyingi ini na bandama huvimba mapema, wakati mwingine tangu uchanga. Katika ukanda wetu bandama iliyovimba huelekeza fikra kwanza kwenye malaria au kichocho, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Lakini vipimo hivyo vikirudi safi mara kwa mara huku mtoto akizidi kujikwaa, daktari ana sababu ya kutazama mbali zaidi.

Jeni inayohusika na wagonjwa wengi, NPC1, ilitambuliwa mwaka 1997. Ya pili, NPC2, ilifuata mwaka 2000. Kazi yao ni ya upakuaji. Kolesteroli inayotoka kwenye damu huingizwa katika vifuko vya seli viitwavyo lisosomu, ambako shehena hufunguliwa. Protini ya NPC2 huichukua kolesteroli na kuikabidhi kwa NPC1, nayo huipitisha ukutani ili isambazwe penye kazi, kama makuli wawili bandarini wanavyopokezana magunia. Kuli mmoja akikosekana, mzigo hubaki ndani. Lisosomu hujaa kolesteroli na mafuta mengine, nayo huweza kujipanga tabaka juu ya tabaka.

Inzi alikuwa na sifa moja iliyomfanya afae kuliko ilivyotarajiwa: wadudu hawawezi kujitengenezea kolesteroli. Yote waliyo nayo, au dutu za jamii yake, hutoka kwenye chakula. Tena wanaihitaji kutengeneza ekdisoni, homoni inayoliamrisha buu kujivua ganda na kukua.

Mwaka 2005 maabara ya Matthew Scott katika Chuo Kikuu cha Stanford iliripoti matokeo ya kumwondolea inzi jeni inayofanana na NPC1. Mwaka uliofuata timu ya Leo Pallanck wa Chuo Kikuu cha Washington ikachapisha matokeo yake. Mabuu yasiyo na jeni hiyo yalikufa yakiwa bado katika hatua ya kwanza, yakishindwa kujivua ganda. Yalipotazamwa kwa hadubini, seli zake zilikuwa na madoa madoa ya kolesteroli iliyojikusanya. Mdudu alikuwa akifa njaa ndani ya ghala lililojaa: kolesteroli ilikuwapo, lakini si mahali ambapo ingegeuzwa kuwa homoni. Watafiti walipoyaongezea mabuu kolesteroli katika chakula, au walipoyapa ekdisoni yenyewe, baadhi yalivuka hatua ile na kuendelea kukua.

Hapo wazo zima la ugonjwa likapata sura mpya. Madaktari walikuwa wameutazama zaidi kama ugonjwa wa wingi, wa mafuta yaliyozidi. Inzi akaonyesha kuwa ni ugonjwa wa upungufu pia. Sehemu nyingine za seli zinakosa kile kilichokwama ghalani.

Lilibaki swali la ubongo, kwa kuwa buu aliyekufa siku chache baada ya kuanguliwa hawezi kuonyesha jinsi neva zinavyozorota. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt walitumia ile mbinu ya kuwasha taa ya chumba kimoja. Waliirudisha jeni katika tezi inayotengeneza homoni ya kukua tu, na kuuacha mwili mwingine bila jeni hiyo. Inzi wakafikia utu uzima. Kisha maisha yao yakawa mafupi, mwendo wao ukadhoofika na ubongo ukaharibika zaidi kadiri umri ulivyosonga. Ndani ya seli za ubongo, hadubini ya elektroni ilionyesha viungo vilivyosheheni tabaka nyingi zilizobanana. Mpangilio huo wa tabaka za mafuta ni wa ukoo ule ule wa mikeka ya Friedel.

Kile ambacho inzi hawezi kusema

Ingekuwa kosa kuyachukua matokeo hayo moja kwa moja hadi kitandani kwa mgonjwa. Mtoto mwenye Niemann-Pick aina ya C hapaswi kulishwa mayai na samli ili apone. Binadamu, tofauti na inzi, hujitengenezea kolesteroli yake, na ubongo wake hutegemea zaidi ile unayojitengenezea wenyewe kuliko ile ya damu. Dawa za kupunguza lehemu nazo zilijaribiwa kwa wagonjwa zamani, zikaipunguza katika ini na damu bila kuzuia neva kuharibika. Mdudu asiye na damu kama yetu, wala ini kama letu, hutoa fununu ya mahali pa kutafuta, na kazi nyingine hubaki kwa panya, seli za binadamu na majaribio ya hospitali.

Tiba zimekuja polepole. Umoja wa Ulaya uliidhinisha miglustat kwa dalili za neva za ugonjwa huu mwaka 2009. Marekani ilisubiri hadi Septemba 2024, ilipoidhinisha dawa mbili kwa siku chache mfululizo, arimoclomol na levacetylleucine. Zote zimekusudiwa kupunguza kasi au makali ya ugonjwa, si kuung'oa. Kwa familia iliyo mbali na hospitali kubwa kikwazo cha kwanza si dawa, bali mtu wa kulitamka jina la ugonjwa.

Mlango ule ule

Agosti 2011 jeni ya NPC1 iliibuka mahali ambapo hakuna aliyeitarajia. Timu mbili zilichapisha katika jarida la Nature kwamba virusi vya Ebola haviwezi kuingia katika seli bila protini hiyo. Moja ilikuwa ya Thijn Brummelkamp, Kartik Chandran na wenzao, nyingine ya James Cunningham. Virusi humezwa na seli na kufikishwa ndani ya vifuko vyake. Huko ganda lake la protini hukatwa na vimeng'enya, na sehemu iliyobaki hujishikiza kwenye NPC1 kama ufunguo kwenye kitasa. Seli zilizochukuliwa kwa wagonjwa wa Niemann-Pick aina ya C zilivikataa kabisa virusi hivyo. Kasoro inayowadhoofisha watoto hao ndiyo iliyokuwa imefunga mlango.

Kwa wakazi wa mashariki mwa Kongo habari hii si ya maabara tu. Mlipuko uliotangazwa Agosti 2018 katika Kivu Kaskazini, ukaenea pia Ituri, ulidumu hadi Juni 2020. Watu 3,470 waliugua na 2,287 wakafa. Katikati ya mlipuko huo, katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, lilifanyika jaribio lililolinganisha dawa nne kwa wagonjwa 681. Kingamwili iitwayo mAb114 ilikuwa miongoni mwa mbili zilizofanya vizuri zaidi: vifo katika siku 28 vilikuwa asilimia 35.1 kwa waliopewa hiyo, vikilinganishwa na 49.7 kwa waliopewa dawa ya zamani ya ZMapp.

Kingamwili hiyo ilitokana na damu ya mtu aliyenusurika mlipuko wa Kikwit wa mwaka 1995, kazi iliyomhusisha Profesa Jean-Jacques Muyembe wa taasisi ya INRB ya Kinshasa. Namna inavyofanya kazi ilielezwa mwaka 2016: hujishikiza kwenye protini ya virusi mahali hasa panapopaswa kugusana na NPC1, ufunguo ukawa hauingii tena kitasani. Marekani iliiidhinisha Desemba 2020.

Idhini hiyo ni kwa Ebola ya aina ya Zaire pekee. Virusi vya aina ya Sudan, vilivyoikumba Uganda mwaka 2022 na tena mapema mwaka 2025, vina ganda tofauti, na hadi mlipuko huo wa 2025 havikuwa na chanjo wala dawa iliyoidhinishwa. Navyo pia hupitia NPC1, na ndiyo sababu kitasa chenyewe, badala ya kila ufunguo, sasa kinachunguzwa na maabara kadhaa. Ugumu wao ni kwamba dawa itakayoziba NPC1 kwa muda lazima iwazuie virusi bila kuikwamisha kolesteroli, na madhara ya kolesteroli iliyokwama tayari yanajulikana kutokana na watoto wagonjwa, na kutokana na mabuu ya inzi yaliyokufa yakiwa yameshiba.